Mkutano wa Maarifa Huria na Haki ya Mkulima wa Misungwi

Mwezi wa Agosti mwaka 2025, kuanzia tarehe 6 hadi tarehe 9, mji wa Nairobi ulipokea Wikimania, mkutano wa kila mwaka wa watu wa mataifa mbalimbali wanaoiandika kamusi elezo ya Wikipedia na kuzihudumia kazi nyingine za maarifa huria. Na ijapokuwa mkutano huo ulianzia Frankfurt mwaka 2005, ukawahi kufika Alexandria mwaka 2008 na Cape Town mwaka 2018, hii ilikuwa mara ya kwanza kwa wajumbe wake kukutana Afrika ya Mashariki, katika nchi za wasemaji wa Kiswahili, lugha ambayo Wikipedia yake imekuwapo tangu mwaka 2003 ikijengwa na watu wa kujitolea wasiolipwa ujira wowote. Ni jambo la kufurahiwa, nami nalifurahia bila kinyongo. Lakini furaha haimzuii mtu kuuliza, na swali langu linahusu jambo ambalo wageni waalikwa hulikuta limekwisha kuamuliwa, nalo ni namna mada za mikutano hii zinavyogawanywa.

Mkutano wa mamia ya watu hauwezi kuketi ukumbi mmoja kutwa nzima, kwa hiyo waandalizi huzigawa mada kuu katika mada ndogo, kila moja ikapewa chumba chake, saa zake na msimamizi wake. Wikimania ya Singapore ya mwaka 2023, kwa mfano, ilikuwa na fungu la elimu, fungu la turathi na utamaduni pamoja na makumbusho na maktaba, fungu la sheria na utetezi, fungu la data huria, fungu la utafiti, sayansi na tiba, fungu la teknolojia, fungu la uongozi na mengineyo, likiwamo hata fungu la mawazo ya kijasiri ambayo hayakupata makazi kwingineko, na fungu moja mahususi la nchi za Asia ya Mashariki, Asia ya Kusini-Mashariki na Pasifiki, ambazo ndizo zilizokuwa wenyeji. Mgawanyo huo ulifanywa kwa nia njema na watu wenye bidii, wala sioni ndani yake hila yoyote. Hata hivyo kila mgawanyo una hukumu yake: mtu mwenye neno lisiloingia katika fungu lolote hupeleka ombi lake likakosa chumba, au hulipunguza neno hilo mpaka liingie, akafika mbele ya hadhira na nusu ya alichokusudia kusema.

Nayasema haya nikiwa Misungwi, wilaya ya mkoa wa Mwanza ambayo upande wake wa magharibi unagusa maji ya Ghuba ya Mwanza na upande wake wa ndani ni nchi ya pamba, mahindi, mpunga na ng'ombe. Msomaji aliye mbali huenda akauliza wakulima na wavuvi wa hapa wana haja gani na mkutano wa maarifa huria, na jibu langu ni kwamba wana haja kuliko watu wengi, kwa sababu wamekuwa wakitoa maarifa kwa muda wa karibu karne nzima na sehemu iliyowarudia ni ndogo.

Katika wilaya hii ndipo kilipo kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichoasisiwa katika miaka ya 1930 wakati wa utawala wa Mwingereza, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Mbegu za pamba zilizolimwa kwa miongo mingi katika Kanda ya Ziwa zilizalishwa hapo, na majina yake, kama vile UK 77, UK 91 na UKM08, yanabeba herufi za mwanzo za Ukiriguru, jambo ambalo wakulima wengi waliozipanda hawakupata kuambiwa. Wataalamu walitafuta mbegu yenye kustahimili wadudu wafyonzao majani na ugonjwa wa mnyauko, wakapima mvua, wakapima mbolea ya samadi, wakajaribu matuta na nafasi za kupandia, na kila mwaka wakaandika waliyoyaona. Katika zama za ukoloni taarifa za majaribio hayo zilichapwa London, kwa Kiingereza, kwa ajili ya shirika lililoundwa kuviletea viwanda vya Uingereza pamba ya makoloni. Mkulima ambaye jasho lake ndilo lililoijaribu mbegu hiyo shambani hakuandikiwa hata ukurasa mmoja anaoweza kuusoma mwenyewe. Alipelekewa amri ya kung'oa mabua na kuyachoma, bila kuelezwa kwa ukamilifu sababu zake.

Tena si kweli kwamba mtaalamu alikuwa mtoaji na mkulima mpokeaji tu. Msukuma alikwisha kuigawa ardhi yake kwa majina kabla ya ramani yoyote kuchorwa: luseni, udongo wa kichanga ulio karibu na majabali ya mlimani, itogolo, udongo wa kijivu wa chini yake wenye tabaka gumu lisilopitisha maji, ibushi, udongo wenye chokaa, na mbuga, udongo mweusi mzito wa bondeni. Kila mmoja una zao lake na wakati wake wa kulimwa, na wote hufuatana kwa taratibu ile ile kutoka kilele cha mlima hadi bonde, mlima kwa mlima. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani katika milima ya Usambara, aliitangazia dunia nadharia ya udongo unaofuatana hivyo kwa mteremko, na nadharia hiyo ingali inafundishwa vyuoni hadi leo. Nayo majina ya Kisukuma ya udongo yakaingia katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza vya zama zile. Simwondolei Milne stahiki yake, kwani alikuwa mtu wa akili na kazi yake ni kubwa. Nasema tu kwamba elimu ya mteremko wa Usukuma imo vitabuni kwa lugha ya watu wa mbali, na mwanafunzi wa sekondari wa Misungwi anayetembea juu ya luseni kila asubuhi akienda shule hana kitabu cha Kiswahili kinachomweleza kwamba bibi yake alikuwa mjuzi wa jambo hilo.

Sasa mada hiyo iwekwe fungu gani? Ukiiweka katika utafiti na sayansi, bibi ataachwa nje, kwa kuwa hana makala iliyochapwa. Ukiiweka katika turathi na utamaduni, itageuka kuwa kumbukumbu ya kale ya kutazamwa, ilhali ni maarifa yanayotumika msimu huu. Na ukiiweka katika data huria, yatatajwa majedwali na ramani na atasahauliwa aliyetoa majina. Mfano mwingine ni ngitili, malisho yaliyotengwa wakati wa masika ili mifugo ipate majani kiangazi kikifika. Kaida hiyo ya Wasukuma ndiyo iliyotumiwa katika mkoa jirani wa Shinyanga, katika mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, kurudisha miti na majani katika nchi iliyokuwa imekwisha kuwa jangwa, na hekta zaidi ya 300,000 zikapona. Ngitili ni ufugaji, ni hifadhi ya misitu, na ni sheria pia, kwa maana mipaka yake na faini za wanaoivunja huamuliwa na baraza la wanakijiji, dagashida. Yeyote atakayeivunja vipande vitatu ili vienee katika vyumba vitatu vya hoteli atakuwa ameiua kwanza kabla ya kuieleza.

Upande wa majini hali ni hiyo hiyo, nami nitaipitia kwa ufupi. Katika Ghuba ya Mwanza, kuanzia mwaka 1977, wanasayansi wa chuo kikuu cha Leiden cha Uholanzi walianza kuwachunguza furu, samaki wadogo wa aina nyingi mno waliokuwa hawapatikani popote duniani isipokuwa katika ziwa hili, na katika miaka iliyofuata sangara, aliyepandikizwa ziwani wakati wa ukoloni, akaongezeka na kuwala, hata aina nyingi zikatoweka mbele ya macho ya wachunguzi hao. Baadhi ya samaki ambao mvuvi wa leo hataweza kumwonyesha mwanawe wamehifadhiwa katika chupa za makumbusho ya Leiden. Ni bora wamehifadhiwa kuliko kupotea kabisa, na walioifanya kazi hiyo wanastahili shukrani. Lakini wavuvi walioendesha mitumbwi na kuvuta nyavu za uchunguzi huo walikuwa watu wa ghuba hii, na picha za samaki hao, pamoja na majina yao na habari zao, zina haki ya kuwa katika shule za ufukwe huu kwa lugha ya ufukwe huu.

Hapa ndipo maana ya uhuru wa maarifa inapohitaji kuelezwa kwa makini. Leseni huria, kama zile zilizotolewa na Creative Commons tangu mwaka 2002, zinakaribiana sana na kitu ambacho watu wa pwani wamekijua kwa karne nyingi, yaani wakfu: mwenye mali huiondoa mali yake katika biashara, akaandika masharti, na tangu siku hiyo haiuzwi wala hairithiwi, bali faida yake huwaendea wale waliotajwa, awe ni mwanafunzi wa chuoni au msafiri anayetaka maji ya kisima. Jambo la kuangalia ni kwamba wakfu husihi tu ukiwekwa na mwenye mali. Mtu hawezi kuiweka wakfu nyumba ya jirani yake, hata kama nia yake ni kuwasaidia maskini. Na katika mikutano mingi ya utamaduni huria neno linalosikika zaidi ni kufungua, kana kwamba kila kilichofungwa kimefungwa kwa uchoyo.

Wacheza ngoma wa Usukuma watakuambia vinginevyo. Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayonasibishwa na waganga na wacheza ngoma mahasimu wa zamani, Ngika na Gumha, hushindana kila mwaka katika sherehe za Bulabo huko Bujora, Kisesa, penye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Na mtu yeyote huruhusiwa kuja kutazama, kusikiliza na kuimba pamoja nao. Ngoma ni ya hadhara. Lakini Bayeye, wanaocheza na chatu, wana dawa za kuumwa na nyoka ambazo hufundishwa kwa mwanachama aliyekubaliwa na kula kiapo, kwa sababu dawa hiyo ikitumiwa na asiyejua kiasi chake inaweza kuua, na kwa sababu nyingine ambazo wenyewe hawalazimiki kunieleza mimi wala kukueleza wewe. Huo nao ni utaratibu wa kutunza elimu, wenye kanuni na adhabu zake, na mkutano wa maarifa huria usio na mahali pa kuuheshimu utaratibu huo umekosa nusu ya elimu ya nchi hii.

Sheria yetu imeliona jambo hilo kwa sehemu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inazilinda sanaa za jadi, na anayetaka kuzitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya asili hutakiwa kupata idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Mwaka 2010 nchi za ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika, zilikubaliana huko Swakopmund, Namibia, juu ya mkataba wa kuyalinda maarifa ya jadi, na mwezi wa Mei 2024 mataifa ya dunia yalipitisha huko Geneva mkataba kuhusu miliki ubunifu, rasilimali za kijenetiki, na maarifa ya jadi yanayofungamana nazo. Haya yote ni ya kushukuriwa, ila katika kila mojawapo mwenye kuulizwa aghalabu ni ofisi ya serikali mjini, si kundi la ngoma la kijijini, nami naona kwamba idhini isiyopita kwa wenye jambo ni pungufu.

Wapo watakaosema kwamba ni hatari kufungua chochote katika zama hizi ambapo makampuni makubwa ya nje yanakusanya maandishi na sauti za dunia nzima kuzifundishia mashine zao, na kwamba afadhali tukae kimya na vyetu. Hofu hiyo naielewa, wala haikuzaliwa leo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi nyimbo na ala za makabila yetu, na rekodi zake zimo katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoiasisi Afrika Kusini mwaka 1954, ilhali wajukuu wa walioimba hawajui kama sauti za babu zao zipo. Lakini kimya hakikuwalinda wazee hao, kwa kuwa walichukuliwa sauti zao pasipo hati yoyote. Kinachomlinda mtu ni hati yenye masharti yake, iliyoandikwa kwa lugha anayoifahamu, inayosema hiki kitumiwe na wote, hiki kitumiwe kwa kutaja kijiji kilikotoka, na hiki kisiguswe.

Tanzania si mgeni wa mikutano hii. Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Afrika wa data huria mwezi wa Septemba 2015, na mwezi wa Agosti 2018 ikawa mwenyeji wa FOSS4G, mkutano wa dunia wa programu huria za ramani. Katika hayo yote kilichodumu mpaka mwananchi akakiona ni kazi ya ramani, hususan Ramani Huria iliyoanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa kata zinazopatwa na mafuriko walichora mitaro, vichochoro na nyumba za Dar es Salaam, na ramani hizo zikawa za kila mtu. Sababu ya kudumu kwake si ngumu kuiona: mada ya kazi hiyo ilitoka mtaani, kwa watu ambao maji yalikuwa yakiingia vyumbani mwao, na ukumbi wa mkutano ukaipokea baadaye. Nchi yetu iliingia katika Ubia wa Serikali Huria mwaka 2011 ikajitoa mwaka 2017, lakini ramani za mitaa hiyo hazikujitoa, maana hazikusimama juu ya saini ya waziri.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Watu wa Kanda ya Ziwa wasingoje kualikwa Nairobi au Singapore ili waingie katika fungu walilopangiwa, bali waitishe mkutano wao, na mahali panapofaa kuliko pote ni Ukiriguru, penye kituo cha utafiti na chuo cha kilimo, pasipo mbali na jiji la Mwanza, na ambapo wajumbe wa Sengerema na Geita wanafika bila kungoja kivuko, kwa kuwa tangu mwezi wa Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, liko wazi. Mada zake zisigawanywe na kamati ya wasomi peke yao. Zigawanywe kama dagashida inavyofanya, yaani wenye jambo walilete barazani, walijadili mpaka wakubaliane lina uzito, ndipo lipewe siku yake. Mimi nikipewa nafasi ya kupendekeza ningeleta udongo na mbegu pamoja, bila kumtenga mtafiti na mkulima, na ningelileta ziwa, samaki waliopo na waliotoweka. Ngoma na tiba ningezileta hasa kwa ajili ya kuamua mipaka, na wa kuamua wawe wenye ngoma na tiba. Lakini siku iliyo ndefu kuliko zote ningeitoa kwa marejesho, kwa maana ya kuulizana ni kitabu gani, kanda gani, taarifa ipi na picha zipi zilitoka hapa, ziko wapi sasa, na zitarudi kwa njia gani na kwa lugha gani. Mada ya namna hiyo sijaiona ikipewa fungu lake yenyewe, nami naihesabu kuwa ndiyo ya kwanza kwa watu ambao maarifa yao yalichapwa ng'ambo kabla hayajachapwa nyumbani.

Lugha ya mkutano huo iwe Kiswahili, na Kisukuma kipewe nafasi pasipo haya. Kisukuma ni lugha ya kabila kubwa kuliko yote ya Tanzania na hakina Wikipedia yake, wakati lugha za Ulaya zenye wasemaji wachache kuliko wakazi wa wilaya moja ya kwetu zinazo. Na kwa kuwa bando la intaneti ni ghali kwa mwenye shamba la ekari mbili, yatakayoamuliwa yachapwe katika vijitabu na yasomwe katika redio za Mwanza saa za jioni, pamoja na kuwekwa mtandaoni. Maarifa yaliyo huru katika seva ya mbali lakini yasiyofika kata zetu za Mabuki na Usagara bado hayajawa huru kwa watu wa Mabuki na Usagara.

Gharama ya kuanza si kubwa. Taarifa za utafiti wa Ukiriguru zilizolipiwa na kodi za wananchi, na zile za kikoloni ambazo muda wake wa hakimiliki umekwisha, zinaweza kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa na vijana wa chuo kilichopo hapo hapo, zikafasiriwa kwa Kiswahili kidogo kidogo na walimu na mabwana shamba, zikatiwa leseni huria, na zikapelekwa katika maktaba za shule za kata. Naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Misungwi, pamoja na uongozi wa kituo na wa chuo, wakae meza moja mwaka huu na kuianza kazi hiyo. Nanyi wakulima mnaosoma maneno haya, au mnaosomewa, pelekeni madai haya katika mkutano mkuu wa kijiji utakaofuata, mkitaja kwa majina udongo wa mashamba yenu na mbegu mlizozipanda.